Buibui wa Bahari na Jina Lenye Mashaka

Sisi watu wa Ilongero twawajua buibui wa nyumbani na wa mashambani, lakini bahari iko mbali nasi mno. Mtu akituambia kwamba yuko buibui akaaye baharini, huenda tukacheka. Walakini habari hiyo ni kweli.

Buibui wa namna hiyo yuko pwani ya Unguja. Yeye na jamaa zake hukaa katika matundu ya miamba. Maji yakijaa, hujificha ndani ya tundu, na mlangoni husuka utando mzito. Utando huo huzuia maji, na hewa hubaki ndani, naye hupumua hewa hiyo mpaka maji yapwe. Maji yakisha kupwa, hasa usiku, hutoka kuwinda vidudu vya pwani kwa taya zake kubwa zilizochomoza mbele.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Pocock, alimpa buibui wa Unguja jina la Desis crosslandi. Neno la kwanza ni jina la ukoo. La pili ni lake mwenyewe, nalo latokana na Crossland, mtu aliyechunguza viumbe vya bahari huko Unguja.

Labda utauliza, "Jina likisha kutolewa, mashaka yatoka wapi?" Fikiri habari ya mbuzi mwekundu aliyepotea, na watu wawili wanamdai. Kila mmoja asema, "Mbuzi wangu ni mwekundu." Wazee hawawezi kuamua kwa rangi, maana mbuzi wekundu ni wengi. Watatazama alama ya sikio. Sikio likiwa limeraruka, alama haionekani, na shauri litabaki na mashaka.

Ndivyo ilivyo kwa buibui. Rangi na ukubwa havitoshi. Alama iliyo hakika zaidi ni umbo la viungo vya uzazi, navyo havikamiliki mpaka buibui awe mzima. Majina ya buibui huhesabiwa tangu kitabu cha Clerck wa Sweden, cha mwaka 1757. Kama mtaalamu wa zamani alimwandika buibui mchanga, kwa maneno machache, na yule buibui mwenyewe akaharibika, hatuwezi kujua alikuwa yupi. Jina hilo huitwa jina la mashaka. Kwa sababu hiyo buibui wa kwanza kupewa jina huwekwa ndani ya chupa ya spiriti katika jumba la makumbusho, ili awe shahidi. Atakayeokota buibui wa bahari katika pwani nyingine hana budi kumlinganisha na shahidi huyo.

Jambo hili si mchezo wa maneno. Kama buibui fulani yuko katika pwani moja tu, miamba yake ikivunjwa atatoweka kabisa duniani. Kama yuko na pwani nyingine, wenzake watabaki. Lakini tusipojua kwa hakika yeye ni yupi, hatuwezi kusema ni lipi la kweli, wala hatujui tumlinde wapi.

Basi mtaalamu aandikapo kwamba jina fulani lina mashaka, haoni haya. Awaonyesha wanaokuja nyuma yake mahali pa kuanzia kazi.