Ordinatere mupya yenye kwenda polepole: tuiulize kwanza, tununue kisha



Tangu wandugu wa klabu ya fizika walipomaliza kufunga ordinatere ya maktaba, kipande kwa kipande, maneno ni mengi katika uwanja. Wengine wanasema: "Ni mupya, lakini inashindwa na ile ya zamani." Wengine wanasema vipande ni vya uongo. Wengine tena wanataka komite ya wazazi inunue RAM ingine. Lakini feza ya komite ni feza ya wazazi wetu, wenye kuuza mihogo na ndizi sokoni. Haifai kuiomba mara ya pili kabla ya kujua ugonjwa ni gani. Juu ya hiyo naandika haya, ili yasaidie pia mwenye kuwa na mashini kwao nyumbani.

Mustari wa matofali

Siku ya salongo tunajipanga mustari na kupitisha matofali. Mmoja akienda polepole, wote wanangoja, hata yule mwenye nguvu sana. Ordinatere inafanya kazi vile vile. Prosesa ndiyo inahesabu. RAM inashika mambo ya kazi ya sasa. Diski inatunza kila kitu, hata kama moto umezimwa. Mashini mupya ikiwa nzito, mara nyingi si kwamba yote ni zaifu; ni kipande kimoja kinachongojesha vingine. Ukinunua kipande kisichokuwa na ubaya, unamwongezea nguvu mutu ambaye tayari anangoja matofali. Hakuna kitakachobadilika.

Kuiuliza mashini yenyewe

Kwa Windows, bonyeza pamoja Ctrl, Maj na Echap. Dirisha litafunguka, jina lake Gestionnaire des tâches. Ingia kwa Performances. Pale utaona Processeur, Mémoire na Disque, kila moja na hesabu yake kwa mia. Inapashwa kuangalia wakati mashini inapokuwa nzito, si wakati inapumzika. Ile yenye kukaa karibu na 100 ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Lakini kabla ya kushuku kitu, uvumilie siku za kwanza. Windows mupya inashusha marekebisho kwa intaneti na kupanga orodha ya mafaili. Kazi hiyo inachosha diski na prosesa bila sisi kuiona. Kwetu sisi, gurupe inazimwa saa mbili ya usiku, kazi inakatika katikati, na kesho yake inaanza tena. Basi siku moja iachwe ikiwaka mpaka imalize yote, izimwe vizuri na kuwashwa tena. Kisha ndipo tuihukumu.

Diski

Ukiona Disque iko 100 na Processeur iko 5 ao 10 tu, jibu limepatikana. Kuna diski za namna mbili. Ile ya zamani ina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 7200 kwa dakika, na mukono mudogo unaotafuta mahali pa kusoma. Kila kutafuta kunakula karibu sehemu 10 za elfu za sekunde. Ni kidogo, lakini Windows inapoamka inatafuta mafaili maelfu. Diski ya namna ya SSD haina kitu kinachozunguka. Inapata faili kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Hapo ndipo ubaya wa ordinatere yetu ulipatikana. Juma lililopita tuliangalia pamoja na mwalimu wa fizika: Disque 100, Processeur 7. Ndani ya sanduku mulikuwa diski mbili, lakini Windows ilikuwa imewekwa kwa ile ya kuzunguka, na SSD ilikaa tupu, sawa mugeni asiyepewa kiti. Tulitoa waya ya diski ya kuzunguka, tukaweka Windows kwa SSD, kisha tukarudisha ile ingine kwa kutunza vitabu na picha. Mbele, tangu kubonyeza mpaka kuweza kuandika, tulihesabu dakika 4. Sasa hazifiki sekunde 40. Hatukutoa hata faranga moja.

RAM

Kwa Mémoire, soma kiasi. Kama mulinunua vipande viwili vya Go 8, na dirisha linaonyesha 8 tu badala ya 16, pengine kimoja hakikuingia vizuri. Zima, ondoa waya ya moto, gusa chuma ya sanduku ili umeme wa mwili utoke, kisha sukuma kipande mpaka usikie "tak".

Angalia tena mahali pake. Bao kubwa yenye nafasi 4 mara nyingi inataka vipande viwili viwe kwa nafasi ya pili na ya nne, kuhesabu toka kwa prosesa. Pale vinafanya kazi kama barabara mbili badala ya moja. Kitabu kidogo cha bao kinasema wazi; wengi wanakitupa pamoja na karito.

Pia kuna mwendo. RAM ya DDR4 yenye kuandikwa 3200 inaweza kuanza kwa 2133 ao 2400, mpaka ufungue XMP ndani ya BIOS, kwa kubonyeza Suppr ao F2 wakati mashini inapoamka. Kwa kuandika barua hautaona tofauti kubwa. Lakini mashini isiyokuwa na karti ya picha inatumia RAM hiyo hiyo kwa kuchora ekrani, nayo itasikia tofauti.

Joto

Prosesa ina mulinzi wake. Joto likikaribia digrii 95 ao 100, kadiri ya aina yake, inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Alama ni hii: mashini inaenda mbio dakika chache, kisha inakuwa nzito. Soma Vitesse kwa Processeur wakati wa kazi ngumu. Ikishuka chini ya Vitesse de base, shuku joto. Wakati wa kupumzika, kushuka si ubaya.

Kwa mashini mupya sababu ni za mikono: plastiki ndogo iliyosahauliwa chini ya kipozeo, visi isiyokazwa, ao waya ya vantilatere isiyoingia pale palipoandikwa CPU_FAN. Ukitoa kipozeo, inapashwa kupangusa mafuta ya zamani na kuweka mapya, kiasi cha punje ya njegere. Na sanduku lisibanwe kwa ukuta, sababu hewa inahitaji njia.

Maneno mengine ya uwanjani

Kama kuna karti ya picha, waya ya ekrani iingie kwa karti yenyewe, si kwa bao kubwa. La sivyo karti inakaa bure.

Moto mudogo haufanyi mashini kuwa nzito. Ukipunguka sana, mashini inazimika. Ubaya wake ni kuharibu mafaili kwa kuzimika gafula.

Programu zenye kuahidi "kusafisha na kuongeza mbio" tuziache. Nyingi zinaongeza muzigo, na zingine zinaleta virusi. Funguo za USB za kila mutu nazo zichunguzwe kabla ya kufunguliwa.

Kanuni tatu

Ya kwanza: badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukibadilisha vitatu, hautajua ni kipi kimeponya. Ya pili: andika katika daftari saa ya mbele na saa ya nyuma, macho yanadanganya, saa haidanganyi. Ya tatu: usiombe kipande kipya kabla ya kuonyesha hesabu inayokihitaji.

Daftari la ordinatere sasa linafungwa kwa kamba kwenye meza ya maktaba. Mwenye kuona mashini imekuwa nzito aandike siku, saa, na zile hesabu tatu: Processeur, Mémoire, Disque. Kulalamika uwanjani hakusaidii mutu. Mustari mmoja katika daftari utasaidia.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita