Jicho Kwanza, Kombora Baadaye

Huenda msomaji akashangaa kuniona mimi, mkaazi wa Isiolo isiyo na bahari, nikiandika juu ya silaha za ndege za doria baharini. Lakini Isiolo, iliyopitiwa na vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, yaijua gharama ya mfugaji kudhaniwa shifta.

Kombora la Harpoon huruka zaidi ya kilomita 100, hubeba kichwa cha mlipuko cha kilo 220 hivi, na mwishoni hujitafutia shabaha kwa rada. Liliundwa kuzamisha manowari. Hellfire lina uzito wa kilo 50 hivi na hufika kilomita 8. Lile liongozwalo kwa leza humlazimu mtu kuimulika shabaha hadi lipige. Katika maji ya Lamu, ambako jahazi la mvuvi na la mhalifu hufanana, nachagua hilo dogo, kwani hudai jicho la binadamu.

Walimu wa hesabu na fizikia, wafundisheni vijana kupima masafa. Lakini waulize pia: nani ameitambua shabaha? Kombora likishatoka halirudi, na majuto ni mjukuu.