Lubumbashi: «Colonie belge», picha inayofundisha maneno ya rangi na mpangilio

Katika miaka ya 1970, picha moja ilitundikwa katika salo nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi na miji mingine ya Shaba, jimbo ambalo baadaye liliitwa tena Katanga, hadi mwaka wa 2015. Mfungwa amelala kifudifudi, askari mweusi ameinua kiboko, Mbelgiji amesimama pembeni akitazama, na bendera inapepea juu ya jela. Watu waliiita «Colonie belge». Wachoraji wengi waliichora, kila mmoja kwa mkono wake, mara nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga.

Ujumbe wake haukuhitaji mkalimani. Lakini kijana wa leo anayetaka kujifunza kazi hiyo hukwama mahali pengine: kueleza ni kwa nini picha ile inamgusa mtu. Masomo ya kuchora hutolewa zaidi kwa Kifaransa, na wengi wanadhani Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Maneno yapo. Mengine yako jikoni.

Tuanze na rangi. Kiswahili kina rangi tatu zinazobadilika kufuatana na kitu chenyewe: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Tunasema nguo nyekundu, kitambaa chekundu, macho mekundu. Nyingine nyingi zimeazimwa kwa vitu vinavyoonekana. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Zambarau ni tunda. Kahawia inatoka kwa kahawa, kijivu kwa majivu, kijani kwa majani. Mjini Lubumbashi wengi hutumia tu majina ya Kifaransa, na hakuna ubaya. Ila anayesema «rangi ya majivu» amekwisha kumwonyesha msikilizaji rangi yenyewe.

Mchoraji hutofautisha mambo matatu ndani ya rangi moja. La kwanza ni jina lake: nyekundu au bluu. La pili ni mwanga wake, yaani kama inaelekea kwa nyeupe au kwa nyeusi. La tatu ni nguvu yake, na hapa Kiswahili kina neno zuri kabisa: kukolea. Rangi hukolea kama chumvi inavyokolea katika mboga. Kinyume chake, rangi iliyopigwa na jua hupauka, na ile ya kitenge kilichofuliwa mara nyingi huchuja. Mama muuza vitenge sokoni anayajua haya kuliko wanafunzi wengi.

Mwenye makopo matatu tu, nyekundu, manjano na bluu, anaweza kwenda mbali. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa. Manjano na bluu huzaa kijani. Bluu na nyekundu huzaa zambarau. Rangi inayokosekana katika mchanganyiko ndiyo mpinzani wake: kijani hukabili nyekundu, zambarau hukabili manjano, chungwa hukabili bluu. Ukizichanganya hizo mbili, zinauana na kubaki rangi ya matope. Ukiziweka jirani bila kuzichanganya, kila moja inaifanya nyingine iwake zaidi.

Aliyelieleza jambo hilo kwa undani ni Michel-Eugène Chevreul, mwanakemia Mfaransa, katika kitabu alichotoa mwaka wa 1839. Alikuwa anasimamia kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, na watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa dhaifu. Akachunguza, akakuta nyeusi haina kosa. Rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizoibadilisha machoni.

Sasa turudi kwa «Colonie belge». Katika picha nyingi za aina hiyo, wafungwa wamevaa mistari ya manjano na nyeusi. Hizo ni rangi zinazopigana kwa mwanga, moja karibu na jua na nyingine usiku, kwa hiyo jicho linawaendea hao kwanza, hata kama wamechorwa wadogo. Halafu kuna damu. Manjano, nyeusi, nyekundu: ni rangi zilezile za bendera ya Ubelgiji iliyo juu ya jela. Iwe mchoraji alikusudia au hakukusudia, bendera imeshuka hadi mwilini mwa mfungwa.

Upande wa pili ni mpangilio, yaani nani amewekwa wapi. Mbelgiji hapigi. Amesimama wima, na mstari uliosimama huonyesha amri. Mfungwa ni mstari uliolala. Mkono wa askari ni mstari wa mshazari katikati yao, na mshazari ndio unaoleta mwendo, kwa sababu kitu kilichoinama lazima kianguke. Ukimwondoa askari, picha inabaki kimya.

Si kila mchoraji wa mji huo aliongozwa na masimulizi. Mwaka wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama «Hangar», wakati mji ukiitwa Elisabethville. Hakutaka wanafunzi wake waige kanuni za Ulaya. Pilipili Mulongoy akajaza ndege, samaki na majani bila kuacha nafasi tupu. Mwenze Kibwanga akajenga kwa mistari midogo iliyosongana. Bela akapaka kwa ncha za vidole. Kazi tatu tofauti kabisa kutoka chumba kimoja, na marudio ya alama ndogondogo yakishika kila kitu pamoja. Akademia ya sanaa iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka wa 1951 ilikuja na masomo ya utaratibu zaidi.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka wa 1947, naye alichora «Colonie belge». Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha katika chuo kikuu mjini Lubumbashi, historia nzima ya nchi: picha 101. Alizieleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na mazungumzo yakarekodiwa. Neno lililotumika mjini kwa picha hizo lilikuwa «ukumbusho». Picha ilipaswa kumfanya mtazamaji akumbuke na aanze kusema, na rangi na mpangilio vilikuwa njia ya kumfikisha huko.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna habari za Tshibumba. Picha zile zimo katika hazina ya jumba la makumbusho mjini Amsterdam, mbali na salo za Lubumbashi. Maelezo yake ya Kiswahili yamewekwa kwenye intaneti, wazi kwa yeyote. Mwalimu wa kuchora wa Katuba au Kenya, mwenye simu tu, anaweza kuanza somo kesho asubuhi kwa maneno ya mchoraji mwenyewe.