Usawa wa Jinsia na Miradi Yetu: Yapi ya Kweli, Yapi si Kweli?

Iyula ni kata ya kahawa na mahindi wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Penye kahawa hapakosi mradi, na siku hizi ni nadra kukuta mradi usio na kifungu cha jinsia. Mafunzo yakiisha, ripoti huenda wilayani Vwawa, kisha Dodoma, kisha kwa mfadhili, ikitaja idadi ya wanawake “waliofikiwa”. Kuhusu kinachobaki nyuma yanasemwa mengi, barazani na maofisini. Nimeyachukua machache niyapime.

“Wanawake wakijaa kwenye mafunzo, mradi umefaulu.” Si kweli.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na wasomi wanalifanya zaidi kuliko wanakijiji. Daftari la mahudhurio linaeleza nani aliketi mkutanoni, basi. Kilichofuata halikijui.

Chukua kahawa yenyewe. Anayepalilia mibuni, anayechuma tunda kwa tunda, anayechambua na kuanika, mara nyingi ni mama na binti zake. Uanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hata hivyo, kwa kawaida umeandikwa kwa jina la mwenye shamba, na mwenye shamba kwa kawaida ni mume. Malipo yakitoka yanaingia kwa mwanachama. Mama anaweza kuwa amehudhuria kila somo la kupogoa mibuni na bado asijue kilo za nyumbani kwake ziliuzwa kwa shilingi ngapi. Ripoti itamhesabu kuwa amefikiwa.

Halafu kuna suala la muda, ambalo karibu kila fomu hulisahau. Fikiria kiwanda cha kumenya kahawa mbivu, kile ambacho wakulima wanakiita CPU. Kinaondoa kazi ya kumenya na kuosha nyumbani, na kahawa inapanda ubora. Ni jambo jema. Ila kahawa mbivu haingoji: inatakiwa ifike kiwandani siku ileile iliyochumwa. Mkaguzi aulize basi: ni nani anayeibeba jioni, na chakula cha usiku kinaanza kupikwa saa ngapi? Kipato cha kaya kinaweza kupanda huku siku ya mama ikirefuka, na kwenye jedwali ikaonekana faida tupu. Kaya si mtu mmoja. Anayeipima kwa jumla yake hawezi kuona nani ndani yake amepata na nani amelipa.

“Usawa ni ajenda ya wafadhili, sisi tumeletewa tu.” Si kweli.

Bibi Titi Mohamed alianza kuwaingiza wanawake TANU mwaka 1955, kabla ya uhuru na kabla ya mfadhili yeyote kuandika sera ya jinsia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyepingwa kwa hoja ya mila baada ya kuuza shamba alilorithi. Na mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, uliozitaka serikali na taasisi ziingize jinsia katika kila sera na mpango, ulikuwa na Katibu Mkuu Mtanzania, Mama Gertrude Mongella wa Ukerewe. Anayesema jambo hili ni geni anawafuta watu wetu kwenye historia yao wenyewe.

“Ardhi ni ya ukoo, sheria haimtambui mwanamke.” Si kweli.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Hati ya kimila inaweza kubeba majina ya mke na mume. Kazi iliyobaki ni utekelezaji, na hapo mradi wa upimaji ardhi una nafasi ya pekee, kwa sababu karani akifika na fomu ndipo jina la pili linapoandikwa au kuachwa kabisa.

“Wanawake wanavuna kidogo kwa sababu hawalimi kitaalamu.” Si kweli.

Mwaka 2015 Benki ya Dunia na UN Women, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti kuhusu Malawi, Tanzania na Uganda. Kwa Tanzania, mashamba yanayosimamiwa na wanawake yalikuwa nyuma kimavuno kwa takriban 16%. Sababu iliyobeba uzito mkubwa ilikuwa upungufu wa nguvukazi ya wanaume ndani ya familia. Mjane au mama anayelea watoto peke yake hana wa kumsaidia kulima kwa wakati, wala fedha za kuajiri kibarua. Ukimwita kwenye semina ya mbegu bora, unamtibu ugonjwa asioumwa, na saa za semina unazitoa kwenye palizi yake.

“Taasisi kubwa hazijipimi.” Si kweli, na walichokiona wenyewe kinauma.

Mwanzoni mwa muongo wa 2010, idara ya tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Afrika ilizisoma kwa pamoja tathmini 26 za wafadhili na mashirika ya kimataifa kuhusu ahadi za Beijing. Kichwa cha ripoti chenyewe kilihoji kama njia ya kuingiza jinsia katika kila mpango inafika kwenye matokeo au haifiki popote. Majibu yalifanana taasisi hadi taasisi: viongozi walitangaza sera kisha wakanyamaza, mtumishi aliyepuuza hakuulizwa, fedha na wataalamu vilikuwa haba, na matokeo hayakufuatiliwa ipasavyo.

Nchi wafadhili za OECD, umoja wa nchi tajiri, nazo huupa kila msaada alama ya usawa wa jinsia: 0, 1 au 2. Alama 2 ni ya mradi ambao usawa ndilo lengo lake kuu; 1 ni ya mradi ambao usawa ni lengo mojawapo tu. Kwa miaka ya 2020 na 2021, misaada ya alama hiyo ilikuwa takriban 4% tu. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba mfadhili anajipa alama mwenyewe, na anaitoa kwa kutazama mpango na nia. Mradi uliopewa 1 mwanzoni unaweza kumalizika pasipo mwanamke hata mmoja kuulizwa kilichobadilika.

Kinachochaguliwa kupimwa ndicho kinachoonekana. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kilifunguliwa Oktoba 2019 na Marais Magufuli na Lungu. Kwa kituo kama hicho, kipimo cha kwanza ni saa ambazo lori linasubiri, na ni kipimo halali. Lakini mwanamke anayevuka na beseni la nyanya hasubiri foleni ya malori. Yeye anahitaji kuhesabiwa kwa maswali mengine: analipishwa nini, na nani, na anapewa risiti?

“Vikoba na mikopo ya halmashauri vimemaliza tatizo.” Kweli kwa sehemu.

Vikundi vya kuweka na kukopa vimewapa wanawake wengi mahali pa kwanza pa kushika fedha zao. Halmashauri nazo zinatakiwa na sheria kutenga 10% ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, kisha ikarejeshwa mwaka uliofuata. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila jina la mama kwenye fomu ya mkopo halithibitishi kwamba yeye ndiye aliyeamua matumizi, na deni hubaki kwake hata fedha ikiwa imenunua kitu cha mwingine. Kuhesabu marejesho peke yake hakutoshi.

“Kutathmini ni kazi ya mtaalamu kutoka mjini.” Si kweli.

Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa taarifa, na AMCOS ina mkutano wake mkuu wa mwaka. Mradi ukija na takwimu zake, wananchi wa Iyula wanaweza kudai zisomwe hapo, tena kabla mradi haujafunga ofisi, na wanawake wasikilizwe kwanza wakiwa peke yao, kwa sababu mbele ya shemeji na wakwe wapo watakaosema kila kitu ni kizuri. Maswali ni haya: wanachama wanawake walikuwa wangapi kabla na ni wangapi sasa? Malipo ya kahawa ya msimu uliopita yaliingia kwa nani? Hati ngapi zina majina mawili? Siku ya mama imepungua kazi au imeongezeka? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na nakala ipelekwe halmashauri pamoja na ripoti ya mfadhili.