Si-, Na- na Mwa-: Kweli na Uongo Kuhusu Majina ya Tunduma

Mtu wa Dar es Salaam akisikia Silinde, Simbeye au Sichone, husema haraka: huyo Mzambia. Akisikia Mwakajoka, husema: huyo Mnyakyusa. Hukumu za namna hii hutolewa kwenye mabasi, kwenye foleni za uhamiaji na hata kwenye kampeni, na nyingi zina kasoro. Mkoa wa Songwe, ulipo mji wa mpakani wa Tunduma, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nao unapakana na nchi mbili, Zambia na Malawi. Majina ya watu wake ni ya zamani kuliko mipaka yote miwili. Hizi hapa dhana zinazorudiwa sana.

Jina linaloanza na Si- ni la Mzambia. SI KWELI.

Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mkataba wa 1890, na mwaka 1898 tume yao ya mipaka ikapita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kuweka alama. Wanyamwanga, wenye majina haya ya Si-, waliikuta tume hiyo wakiwa nyumbani kwao. Leo walioko Momba ni Watanzania, walioko Nakonde na Isoka ni Wazambia, na majina yao ni yale yale.

Dk. Luka Siyame alikuwa mbunge wa Mbozi Magharibi kuanzia 2005 hadi 2010. Akafuatia David Silinde, ambaye baadaye aliwakilisha Momba na kisha Tunduma, kwanza akiwa Chadema, halafu CCM, akafika hadi unaibu waziri. Vusha majina hayo mawili hadi Nakonde na hakuna atakayeyashangaa, ila huko Siyame huandikwa zaidi Siame.

Tena ukitaka Si- maarufu wa upande wa pili, usianzie kwa wachezaji mpira kama wengi wanavyofanya. Anza na Donald Siwale. Karibu na Nakonde ipo misheni ya Mwenzo, iliyoanzishwa na Waskoti wa Livingstonia katika miaka ya 1890. Mwaka 1912, Siwale na wasomi wenzake waliofundishwa na Waskoti hao, wakiwamo Peter Sinkala na David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, waliunda chama cha ustawi cha Mwenzo. Kilizimika kwa muda, kikafufuliwa mwaka 1923. Wanahistoria wa Zambia hukihesabu kuwa chanzo cha vyama vya ustawi vilivyokuja kuzaa siasa za uhuru za nchi hiyo. Jambo hilo lilianzia hatua chache kutoka Tunduma, na sijui kwa nini halisimuliwi zaidi upande wetu.

Wenye jina moja wote ni ndugu. NUSU KWELI.

Ndugu wa ukoo, huenda. Ndugu wa kugawana urithi, hapana. Miaka 100 baada ya Peter Sinkala kukaa kikao Mwenzo, Nathan Sinkala aliivalia Zambia jezi katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Libreville, tarehe 12 Februari 2012, akafunga penalti yake katika ile mikwaju iliyoishia 8-7 dhidi ya Ivory Coast. Kuna Sinkala mwingine, Andrew, aliyecheza Ujerumani. Jina peke yake halimfanyi yeyote kati ya hawa kuwa mjukuu wa yule wa 1912. Wenyeji wanajua hivyo ndiyo maana huulizana zaidi: wa kijiji gani, mama ametoka wapi. Mgeni huishia kwenye jina.

Sikazwe na Nakazwe ni koo mbili tofauti. SI KWELI, na hapa ndipo watu hukosea zaidi.

Kwa Wanyamwanga, na kwa majirani zao Wamambwe na Walungu, jina la ukoo hubadilika kichwa kufuata jinsia. Mwanamume huchukua Si-, mwanamke huchukua Na-. Baba ni Simbeye, mtoto wa kiume ni Simbeye, binti yao ni Nambeye. Kaka ni Sinyangwe, kama Binwell Sinyangwe, mwandishi Mzambia wa riwaya ya *A Cowrie of Hope*. Dada yake kwa utaratibu huo angeitwa Nanyangwe. Chifu mwanamke wa Wanyamwanga wa Nakonde hujulikana kwa cheo cha Nawaitwika, na Na- hiyo haikuwekwa kwa bahati.

Majirani wana mambo yanayofanana na haya. Wabemba humwita baba wa Mutale Shimutale. Watumbuka wa kaskazini mwa Malawi humwekea binti wa Gondwe Nya- mbele, akawa Nyagondwe.

Wanaoweza kutuelewa vizuri kuliko hata watu wa Iringa ni Waayalandi. Katika lugha yao ya asili, mwanamume wa ukoo fulani huitwa Ó Braonáin na binti wa ukoo huo huo huitwa Ní Bhraonáin. Mwimbaji Enya, ambaye nyimbo zake zimepigwa dunia nzima, jina lake la nyumbani ni Eithne Ní Bhraonáin. Dada yake Moya na kaka zao wa kundi la Clannad wanafahamika kwa sura ya Kiingereza ya jina hilo: Brennan. Baba mmoja, mama mmoja, na bado karani asiyejua angeapa kwamba hawa hawahusiani.

Huyo karani tunaye hata sisi. Fomu zetu hudhani kwamba jina la ukoo halina jinsia, na binti aliyeandikwa Nambeye huulizwa kwa nini halifanani na la baba yake. Wazazi wengi upande wa Tanzania wameamua kukwepa maswali: wanamwandikisha binti kwa jina la baba lilivyo. Hivyo tukapata Condester Sichalwe, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Momba mwaka 2020. Wengi walimjua Juni 2021, Spika Job Ndugai alipomtoa bungeni kwa sababu ya suruali aliyovaa, baada ya mbunge mwenzake kulalamika. Nguo zake zilijadiliwa nchi nzima. Hakuna niliyemsikia akiuliza mbona si Nachalwe, kwa maana nje ya Songwe na Rukwa ni wachache wanaojua kwamba jina hilo lipo. Binafsi naona hasara ni kwenye kulipoteza hilo, maana Na- ilikuwa inamtaja binti kwa nafsi yake.

Refa Sikazwe ni mtu wetu wa mpakani. SI KWELI.

Janny Sikazwe ni Mzambia. Alichezesha fainali ya Afrika ya 2017 na Kombe la Dunia la 2018 na la 2022. Lakini wengi humkumbuka kwa mechi ya Tunisia na Mali mjini Limbe, Januari 2022, alipopuliza kipenga cha mwisho dakika ya 85, akarudisha mchezo, kisha akaumaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Mzambia akishinda, Tunduma humdai kuwa wao. Siku ile hakuna aliyemdai.

Kila Mwa- ni Mnyakyusa. SI KWELI.

Ni kweli kwamba Rungwe na Kyela zimejaa Mwa-: Mark Mwandosya, Harrison Mwakyembe, David Mwakyusa. Ila vuka mlima uingie Ileje kwa Wandali, utakuta Mwa- nyingine nyingi zisizopenda kuitwa Nyakyusa. Nenda Karonga, Malawi, alikotoka Dunstain Mwaungulu, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo. Kisha panda basi hadi pwani ya Kenya: Chirau Ali Mwakwere, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Kenya, ni Mdigo wa Kwale, na Mashengu wa Mwachofi na Mwandawiro Mghanga, waliokuwa wabunge wa Wundanyi, ni Wataita. Mwa- ni mali ya Wabantu wengi, na anayemsalimia Mtaita kwa Kinyakyusa atajibiwa kwa ukimya.

Tunduma huchagua Si- tu. SI KWELI.

Mwaka 2015 walimchagua Frank Mwakajoka wa Chadema. Mwaka 2020 wakawa na Silinde. Mji uliokua kwa reli ya TAZARA, malori na biashara ya mpakani una watu kutoka kila kona ya nchi, na orodha ya wapiga kura inaonyesha hivyo.

Kwa hiyo makarani wa shule, hospitali na ofisi za kata, kuanzia Vwawa hadi Dar es Salaam: mkikuta kwenye fomu moja baba Simbeye na binti Nambeye, msiikatae na msisahihishe jina la mtoto. Limeandikwa sawasawa.