Daktari Mhafidhina Aliyewaudhi Waliomteua

Ugonjwa mpya ukiingia nchini, swali la kwanza vijiweni huwa "nani kasema?" Taarifa ya wizara ikisomwa redioni, wanaoipenda serikali huipokea kabla haijafika mwisho, na wasioipenda huitupa papo hapo. Daktari aliyeitia saini hupimwa kwa chama chake, dini yake na mkono uliomteua. Sisi wa afya ya jamii hukereka, lakini kushuku si kosa. Kosa ni kushuku mahali pasipostahili na kupaacha panapostahili. Ili kuona tofauti hiyo, tumtazame C. Everett Koop, Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani kuanzia 1982 hadi 1989.

Koop alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1916. Kwa zaidi ya miaka 30 aliongoza idara ya upasuaji katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, enzi ambazo upasuaji wa watoto wachanga ulikuwa bado unatafuta nafasi yake katika udaktari. Mtoto aliyezaliwa umio wake umeziba, asiyeweza kumeza hata maziwa ya mama, zamani alihesabiwa kuwa wa kufa. Mikononi mwa Koop na kizazi chake cha wapasuaji, watoto kama hao walianza kupona na kukua. Kazi hiyo ilikwenda sambamba na imani yake. Alikuwa Mkristo wa kiinjili aliyepinga utoaji mimba bila kumung'unya maneno, na mwishoni mwa miaka ya 1970 alizunguka miji mingi pamoja na mwanateolojia Francis Schaeffer wakionyesha filamu na kuhutubia juu ya suala hilo.

Ndiyo maana Rais Ronald Reagan alipomteua mwaka 1981, kila upande ulidhani unajua anakuja kufanya nini. Wahafidhina walishangilia. Chama kikuu cha wataalamu wa afya ya jamii nchini humo kilimpinga, na wabunge wa mrengo wa kushoto wakasema huyu ni mhubiri aliyevaa koti la daktari. Hata umri ulikuwa kikwazo, ikabidi sheria irekebishwe. Miongoni mwa waliompigania sana alikuwa Seneta Jesse Helms wa North Carolina, jimbo lililoishi kwa tumbaku wakati huo. Seneti ilimthibitisha Novemba 1981 kwa kura 68 dhidi ya 24.

Cheo chenyewe kina sifa moja ambayo msomaji wa huku anaweza asiijue. Mganga Mkuu wa Marekani hana hospitali anazoziendesha, bajeti yake ni ndogo, na hana mamlaka ya kumfungia mtu biashara. Silaha yake ni kauli. Akiaminiwa anaweza mengi, asipoaminiwa hana kitu. Koop alilielewa hilo mapema. Alirudisha desturi ya kuvaa sare rasmi za cheo chake, zinazofanana na za makamu wa admirali wa jeshi la majini, na kwa ndevu zake ndefu za kidevuni, bila masharubu, hakukuwa na Mmarekani mtazamaji wa televisheni ambaye hakumtambua.

Helms na wenzake hawakungoja sana kujua walichokuwa wamekipigania. Mwaka 1982 Koop alitoa ripoti kuhusu sigara na saratani, iliyokadiria kwamba vifo 30 katika kila 100 vya saratani vinatokana na sigara. Mwaka 1986 ikafuata ripoti juu ya moshi unaovutwa na mtu asiyevuta. Ushahidi wake mmoja ulitoka Japani, ambako Takeshi Hirayama alikuwa amewafuatilia wanawake zaidi ya 90,000 wasiovuta sigara, akakuta kwamba saratani ya mapafu iliwapata zaidi wale ambao waume zao walivuta, na kwamba kadiri mume alivyovuta nyingi ndivyo hatari ya mke ilivyopanda. Ripoti ilisema pia kwamba kuwatenga wavutaji upande mmoja wa ukumbi hakutoshi ikiwa hewa ni ile ile. Miaka miwili baadaye ikaja nyingine: nikotini hutia uraibu kwa njia zinazofanana na za heroini na kokeini. Kabla ya hapo kampuni za sigara zilikuwa zimejificha nyuma ya hoja kwamba kuvuta ni hiari ya mtu mzima. Mhafidhina anayeheshimu uhuru wa mtu binafsi alikuwa ameiondoa hoja hiyo kwa mkono wake, kwa kuonyesha kwamba hiari yenyewe inaliwa na nikotini.

UKIMWI ulimpima zaidi. Uliripotiwa Marekani kwa mara ya kwanza Juni 1981, kwa wanaume watano wa Los Angeles waliokuwa wakifanya mapenzi na wanaume wenzao. Kwa miaka kadhaa wakubwa wa wizara ya afya walimweka Koop kando na suala hilo. Februari 1986 Reagan alipoitembelea wizara akatamka kwamba Mganga Mkuu ataandaa ripoti. Koop alikutana na makundi 26, wakiwemo viongozi wa makanisa, walimu, wagonjwa wa hemofilia ambao damu yao haigandi ipasavyo, na vyama vya mashoga. Kisha akaketi, au tuseme akasimama, maana aliandika amesimama mbele ya meza ndefu katika chumba cha chini cha nyumba yake, rasimu 17, kwa kalamu yake mwenyewe.

Ilibaki hatua ya hatari: ripoti ilipaswa kupita kwa baraza la Rais la sera za ndani. Koop alijua nyaraka hufia wapi. Alichapisha nakala zenye namba, akazigawa kikaoni, na kikao kilipokwisha akazikusanya zote, akieleza kwamba anazuia zisivuje kwa waandishi wa habari. Hakuna mshauri aliyepata nafasi ya kwenda nayo ofisini kuifyeka.

Ripoti ya kurasa 36 ilitoka tarehe 22 Oktoba 1986. Ilieleza kwa lugha ya wazi virusi vinaambukizwa vipi na haviambukizwi vipi. Ilisema usalama mkubwa uko katika kujizuia au kuwa na mwenzi mmoja mwaminifu, na asiyefuata hilo atumie kondomu. Ilitaka watoto wafundishwe kuhusu ugonjwa huo tangu madarasa ya chini, ikapinga kupima watu kwa lazima na kuwatenga walioambukizwa. Rafiki zake wa jana wakamgeuka. Hafla ya kumpongeza mwaka 1987 ilisusiwa na baadhi ya wanasiasa waliokuwa wakitafuta tiketi ya urais ya chama chao. Henry Waxman, mbunge aliyempinga mwaka 1981, akawa miongoni mwa waliomsifu. Mwaka 1988 kijitabu cha kurasa 8 kuhusu ugonjwa huo kilitumwa kwa posta katika kaya zipatazo milioni 107.

Wengi huhitimisha hapa kwamba Koop alibadilika. Hakubadilika. Ukiisoma ripoti kwa utulivu utaona imani yake iko pale pale, katika maneno ya kujizuia na uaminifu wa ndoa. Alichokataa ni kuiacha imani hiyo iseme kwamba kondomu haifai, au kwamba ugonjwa unaambukizwa kwa kushikana mikono. Kuna jambo linalojulikana, kuna jambo tunaloliona jema, na kuna jambo la kufanya kwa ajili ya watu jinsi walivyo. Koop aliyaandika yote matatu, kila moja mahali pake.

Mwaka 1987 msimamo huo ulijaribiwa tena: Reagan alimtaka aandike ripoti juu ya madhara ya utoaji mimba kwa afya ya mwanamke. Walioliasisi wazo hilo walitamani ripoti itakayofanya kazi ile iliyofanywa dhidi ya sigara na ripoti ya Mganga Mkuu ya mwaka 1964. Nani angefaa kuliko Koop? Yeye na wasaidizi wake walipitia tafiti zipatazo 250, na wakakuta shida katika namna zilivyofanywa. Nyingi hazikuwa na kundi la kulinganishia: mwanamke aliyetoa mimba ana huzuni, sawa, lakini yule aliyejifungua mimba asiyoitaka ana hali gani? Nyingine hazikujua hali ya akili ya mwanamke kabla ya mimba, hivyo haikuonekana kipi kilimtangulia kipi. Na kwa kuwa wanawake wengi wakiulizwa hukana kwamba waliwahi kutoa mimba, hesabu zilikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Januari 1989 alimwandikia Rais barua badala ya ripoti: ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha madhara hayo wala kuyakanusha, na unahitajika utafiti wa kuwafuatilia wanawake kwa miaka. Waliokuwa wenzake katika harakati waliona amewasaliti. Yeye aliendelea kuamini kwamba kutoa mimba ni kosa kwa sababu ya kiumbe kilichomo tumboni. Hoja hiyo ni ya maadili, na mtu anaweza kuisimamia bila kuitafutia takwimu za magonjwa ya akili zisizokuwepo.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, lakini kuna sehemu ya pili. Baada ya kustaafu, jina lake lilitumika kuanzisha tovuti ya afya iliyoingia soko la hisa mwaka 1999. Hospitali zilizolipia zilitajwa humo kana kwamba zimechaguliwa kwa ubora. Mwaka huo huo ilibainika kwamba alipowatetea mbele ya kamati ya bunge watengenezaji wa glavu za mpira, hakutaja kwamba alikuwa amewahi kuwa na mkataba wa malipo na kampuni ya glavu hizo. Tovuti ilifilisika mwaka 2001. Koop alifariki Februari 2013, akiwa na miaka 96.

Linganisha vipindi hivyo viwili. Itikadi yake ilijulikana na kila mtu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kila sentensi yake ilichunguzwa na maadui na marafiki, na ikastahimili. Fedha za glavu hazikujulikana, kwa hiyo waliomsikiliza hawakuwa na njia ya kupunguza uzito wa maneno yake.

Basi taarifa rasmi ikikufikia, swali la mtia saini ni wa chama gani lisikuchukulie muda mwingi. Uliza kama anatofautisha anachokijua na anachokitamani. Uliza kama ripoti inataja udhaifu wa ushahidi wake, na kama kuna hata mstari mmoja ambao yeye mwenyewe asingependa kuuandika. Uliza nani amelipa. Na kama ripoti imechelewa kwa miezi katika ofisi za wanasiasa kabla haijatoka, una haki ya kudai rasimu ya kwanza.