Ulezi Huanza Kabla ya Mimba

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, ulezi huo huanza lini? Mfereji unaozaa ubongo na uti wa mgongo hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, aghalabu kabla mama hajatambua kuwa ni mjamzito. Upungufu wa asidi ya foliki wakati huo huweza kusababisha mgongo wazi. Mchicha, kunde na maharagwe huwa nayo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani hupendekeza pia mikrogramu 400 za vidonge kila siku, tangu mwanamke anapokusudia kushika mimba hadi wiki ya 12. Nchini Kenya, sheria ya 2012 iliagiza itiwe katika unga wa paketi. Unga wa kinu cha mtaani kwa kawaida hauna. Basi anayengoja kliniki ya kwanza amekwisha kuchelewa.